Thogoto ya Kabichi na Thogoto ya Sweta

Nyinyi watoto wa soko ya Toi mko na kitu moja inaniudhi. Mtu anafungua bale ya mitumba, anashika sweta na vidole viwili kama ameshika panya, anasoma lebo, anaitupa. Safi anaita camera, mbaya anaita fagia, amemaliza. Hanusi. Hageuzi ndani. Halafu mnakuja hapa kwangu Kibera, Kambi Muru, kuniuliza, "Shosh, wewe customer walikuwa wanakufuata aje?" Sasa kunyweni chai. Nitawaambia, lakini nitapitia ile siku Achieng binti yangu alinizungusha na gari huko Scotland, kwa sababu hiyo siku ilikuwa kama mtihani ya kazi yangu yote, na mimi shule niliachia darasa la tatu.

Na kabla ya Scotland lazima nianze na kabichi.

Nilikuja Nairobi na Achieng mgongoni, nikapata nyumba Kawangware, kwa plot ya Mama Njeri. Huyu Mama Njeri alikuwa mwenye plot, lakini hakuwa mtu wa kukaa tu akiangalia milango ya watu. Alikuwa na mashine ya kufuma hapo kwa veranda, anafuma sweta za shule. Na uzi hakuwa ananunua duka. Alikuwa anachukua sweta kuukuu za mitumba, anazifumua, anaosha uzi, anafuma upya. Siku ya tatu akaniona nimekaa mlangoni na mtoto, akaniambia, "Wewe Mjaluo, mikono yako inafanya nini leo?"

Nikasema, hakuna.

"Basi kuja ufumue."

Ndio hivyo niliingia kazi. Hakuna barua, hakuna interview.

Mwenye anataka kujua kufumua, sikia. Usiangalie rangi kwanza. Geuza ndani, angalia ubavu. Kama imekatwa na mkasi ikashonwa na mashine ya overlock, iwache, ukivuta utapata vipande vipande kama githeri. Kama kila upande ulifumwa peke yake halafu ukaunganishwa, tafuta ncha hapo begani, vuta, na sweta yote inakuja uzi mmoja, mrefu kutoka hapa mpaka Makina. Unauzungusha kwa mgongo wa kiti, unalowesha na maji baridi, unafunga jiwe chini, kesho umenyooka. Na kujua kama ni manyoya ya kondoo, usiulize lebo, lebo inashonwa na mtu. Pumulia. Weka mdomo hapo, puu, halafu nusa. Kondoo atakuambia mwenyewe ako hapo. Ukiwa bado na wasiwasi, choma uzi kidogo. Manyoya inanuka nywele na inakuwa jivu. Nailoni inalia machozi.

Mimi na Mama Njeri tulikuwa tunaelewana kwa shida. Yeye l na r zilikuwa zinabadilishana viti, mimi sh ilinikataa kabisa. Ananiambia, "Angaria rebo." Mimi namwambia, "Hii sati ni safi." Watu wakipita wanatucheka. Kazi ilikuwa inaenda tu.

Sasa yeye alikuwa na sweta moja yake mwenyewe, haiuzwi, haifumuliwi. Buluu imekaribia nyeusi, imefumwa na mkono, ngumu, imeshikana mpaka mvua inateleza juu. Kifuani imefumwa kamba mbili zimesokotwa, katikati ngazi, na pembeni ya ngazi mgongo wa samaki. Mimi mtu wa ziwa nikiona mgongo wa samaki kwa kifua ya Mkikuyu nilicheka. Alikuwa anaivaa mwezi wa saba ile baridi ya Kawangware, na anasema, "Hii ni ya Thogoto. Kama hii hutapata mahari pengine."

Siku moja ameenda mazishi. Nikaona sweta yake iko na doa la uji, na hiyo uji ilikuwa ya Achieng. Nikasema wacha nimfurahishe. Nikachemsha maji. Nikaweka sabuni ya kipande. Nikasugua kama nguo ya fundi wa gari. Mnacheka kwa sababu mnajua. Mimi sikuwa najua. Nilipoitoa kwa beseni nilifikiria kuna nyingine imebaki ndani ya maji. Sweta ya mama mkubwa imekuwa ya mtoto wa nursery, na imekauka kama ubao. Unaweza kuisimamisha.

Mama Njeri akarudi. Akaishika. Akaigeuza ndani, akaangalia, akairudisha. Mimi nishaanza kukunja blanketi ya mtoto, najua hapa nimefukuzwa. Yeye akaita Achieng, akamvalisha, ikamtosha sawasawa. Akaniambia, "Mtoto amepata. Mimi utaniretea ingine ya Thogoto."

Hiyo tu. Angeniongezea makelele ningelala vizuri.

Sasa mimi nilikuwa nimesikia manamba wa matatu wakiita, "Dagoretti, Thogoto, Kikuyu." Kumbe ni hapo tu. Asubuhi nikabeba mtoto na hiyo sweta ndogo yake, nikapanda gari, nikashuka Thogoto. Nikauliza duka ya kwanza: sweta za hapa zinauzwa wapi. Wananiangalia. Nikaenda kanisani, nikauliza mzee wa kufagia. Akaniambia sweta anajua ni ile amevaa. Nikazunguka mpaka miguu ikavimba, ninaonyesha watu kifua ya Achieng, "kama hii, lakini kubwa." Mwisho mama mmoja wa mboga akanihurumia. "Mama Mtoto, hapa tuko na kanisa, hospitali na kabichi. Sweta hapana."

Nikanunua kabichi. Ningerudi aje mikono mitupu?

Mama Njeri aliponiuliza nilikuwa wapi, nikasema Thogoto, nikaweka kabichi mezani. Alicheka akakaa chini. Akacheka akafuta macho na leso. Halafu akanieleza. Wazungu wa kwanza wa kanisa huko walitoka nchi inaitwa Scotland, hiyo jina ikashinda wazee wao kutamka, wakasema Thogoto, na mahali pakabaki hivyo. "Thogoto ya sweta iko Uraya," akaniambia. "Unavuka bahari. Wewe umeenda Scotland ukarudi na kabichi."

Kutoka hiyo siku, miaka yote, hata baada nimehamia Kibera nikachukua stall yangu Toi, hata baada sisi wote tumekuwa nyanya, yeye Cucu na mimi Dani, nikimtembelea anauliza kwanza, "Umeniretea ama ni kabichi?" Na mimi kila bale ya sweta nikifungua, nilikuwa naangalia mgongo wa samaki. Nimefungua bale nyingi sana. Haikuwahi kutoka.

Sasa Achieng akakua, akasoma, akapata kazi ya kuangalia wazee, na Mungu ni nani, ikawa ni Scotland. Akanitumia tiketi nikamwone. Nilienda kumuaga Mama Njeri. Mwezi wa saba uliopita baridi ilikuwa imemlaza kitandani wiki mbili, magoti yamefura, tunamfunika blanketi tatu bado anatetemeka. Hiyo siku alikuwa ameamka lakini amekuwa mdogo, mikono ni kama ya ndege. Nikamwambia naenda Thogoto ya ukweli. Hakucheka. Akasema, "Basi harakisha."

Wiki ya kwanza na ya pili Achieng alikuwa kazini. Alikuwa na siku moja tu ya off kabla nirudi nyumbani, na alikuwa ameipanga kama harusi. Tutaenda na gari, tuone bahari, tuone castle, tuone mashamba, tupige picha. Nikamwambia, "Na sweta."

"Mum, leo hatununui kitu. Leo tunaona."

"Mimi nitaona nikitafuta."

Kwanza niwaambie ukweli, hiyo nchi ni nzuri. Sikutaka kukubali lakini ni nzuri. Bahari iko upande moja, rangi ya sufuria mpya, na upande huu ni milima ya kijani imelala kama ng'ombe ameshiba. Kuna vichaka vya maua ya njano mpaka unafikiria mtu amemwaga rangi. Nyumba ni za mawe, zimekaa chini karibu na maji, zimegeuza mgongo kwa upepo kama watu wanaojikinga na baridi. Na mvua ya huko haina adabu. Inakuja, jua linatoka, inakuja tena, hata hujafunga dirisha. Nilihesabu mara sita kabla ya chakula ya mchana.

Barabara zikafika mahali zikakuwa nyembamba, gari moja tu inatosha, na wamechonga kando mahali pa kungojea. Ukikutana na mtu, mmoja anaingia kando, mwingine anapita, na wote wanainua kidole kimoja. Nikamwambia Achieng hii ni Kambi Muru kabisa. Si ukibeba mtungi kwa ile njia ya choo mwenye hana mzigo anajibandika kwa mabati? Basi mimi nikaanza kuinulia kila mtu mkono mzima. Achieng ananiambia kidole kimoja inatosha, nikamwambia mimi si mchoyo.

Duka ya kwanza ilikuwa hapo kwa castle. Castle yenyewe haina paa. Wanalipisha watu kuona nyumba imeanguka, na sisi kwetu zinaanguka bure. Lakini duka ilikuwa imejaa sweta. Moyo ukaruka. Nikashika ya kwanza, nikaigeuza ndani, overlock. Nikapumulia, nikanusa. Duka nzima inaniangalia. Msichana wa duka akakuja na tabasamu ya kazi.

"Anasema nini?" nikauliza Achieng.

"Anauliza kama uko sawa."

"Mwambie mimi niko sawa, sweta yake ndio mgonjwa. Hii ni nailoni."

Achieng hakumwambia. Alinishika mkono tukatoka.

Duka ya pili, ya watalii, hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na manyoya ya ukweli lakini imefumwa na mashine, laini kama ya kulala, mvua ingepita kama chujio. Huko nilitoa kiberiti kwa kibeti, na hapo Achieng aliongea na mimi kama mtoto. "Mum. Hapa hawachomi vitu za watu." Nilikuwa nachoma kauzi kamoja tu.

Tukaenda tukakula samaki na chips kwa ukuta wa bahari. Samaki yao hawana kichwa, sijui wanapeleka wapi, na ndiyo tamu yote. Ndege mkubwa mweupe akakuja akachukua chips mkononi mwangu, akaniangalia kama askari wa kanjo amenyang'anya mtu mali. Tukaendelea na barabara ya mashamba. Hapo ndio niliona kondoo. Wengi, mpaka kwa mlima, kama mtu amemwaga mchele. Na kwa waya za fensi kila mahali manyoya imeshikwa, imening'inia, hakuna mtu anaitaka. Nikamwambia Achieng simama.

Nikashuka nikaanza kuokota. Nilikuwa nimejaza kibeti na nimeanza mfuko wa koti kabla anifikie.

"Mum, wataona kama tunaiba."

"Kondoo ameacha mwenyewe. Muulize."

Lakini akasimama na mimi hapo, upepo unampiga, akaniuliza polepole, "Ni ile sweta yangu ndogo unatafuta, si ndiyo? Ile niko nayo kwa picha."

Nikamwambia, "Haikuwa yako. Ilikuwa ya Mama Njeri. Wewe ulimwaga uji na mimi nikamaliza." Nikamwambia habari ya mikono ya Mama Njeri imekuwa ya ndege, na mwezi wa saba unakuja. Nikamwambia, "Achieng, mimi sirudi na kabichi tena."

Akaangalia saa. Ilikuwa saa kumi kasoro. Akaniambia kitu ilinishtua: huko jua linakaa juu mpaka karibu wakati wa kulala, lakini maduka yanafunga saa kumi na moja. Mwangaza wote huo na hakuna mtu anauza. Hiyo kwa Toi ingekuwa dhambi. "Kuna mji mdogo wa wavuvi hapo mbele," akasema. "Sikuwa nimeupanga. Ingia gari."

Na aliendesha. Kidole chetu kikaacha kusalimia watu.

Tulifika hiyo mji imebaki dakika kidogo. Barabara moja, boti chache, na duka zinafungwa mbele yetu moja baada ya nyingine, kama mtu anazima taa. Duka ya nyama imefunga. Ya mikate imefunga. Ile ya mwisho ilikuwa na nguo kwa dirisha, vikombe, vitabu, viatu vya mtoto. Nikamwambia Achieng, "Hii si ni mitumba?" Akasema ndiyo, watu wanaleta vitu kuukuu, wazee wanajitolea kuuza, pesa inaenda kusaidia boti za kuokoa watu baharini. Kumbe hata wao wako na Toi.

Mlangoni kulikuwa na mama mzee anageuza kibao cha kufunga. Nywele nyeupe, miwani kwa kamba. Na nikaona kamba zingine. Kamba mbili kifuani. Ngazi. Mgongo wa samaki.

Ameivaa.

Vijana wangu, mimi sikumsalimia. Nilimshika mkono hapa kwa sleeve, nikainama, nikapumulia, nikanusa. Kondoo akasema niko hapa. Achieng nyuma yangu alikuwa anaomba msamaha na Kizungu yote alisomea. Lakini huyo mama hakurudi nyuma. Aliangalia mikono yangu. Halafu akafanya kitu sijawahi kuona mtu akifanya tangu Mama Njeri: akashika pindo la sweta *yangu*, akaigeuza ndani.

Fundi wa ukweli anaangalia ndani kwanza.

Mimi nilikuwa nimevaa cardigan yangu ya maroon, ya mwisho nilifuma kabla macho yakatae. Uzi wake nilifumua kwa sweta tatu za mitumba, hapo hapo Toi. Na hii mtasema ni ujanja, ni sawa: kwa shingo nilikuwa nimeshona lebo ya moja ya hizo sweta, kwa sababu customer wanapenda lebo. Yule mama akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Akaita mwenzake wa ndani. Wakaongea Kizungu chao cha huko, ya kuviringisha, hata Achieng inampita nusu.

"Anasema nini?"

"Anasema hiyo lebo ni ya kiwanda moja ya uzi, iko lisaa limoja na gari kutoka hapa. Dada yake alifanya kazi huko. Anauliza ulitoa wapi."

"Mwambie ilikuja Nairobi na bale, mimi nikaifumua nikafuma upya."

Achieng akamwambia. Huyo mama akakaa kwa kiti ya kuuzwa. Akasema jina lake. Nikasikia Jini. Nikaangalia miguu yake haraka nione kama ni kwato. Ilikuwa raba.

Basi Achieng akaeleza yote, uji, maji moto, kabichi. Kwa kabichi Jini alicheka kama Mama Njeri, akafuta macho na mkono. Akasema hiyo amevaa alifumia mzee wake, ni ya tano, na mzee ameng'ang'ana na ile ya kwanza imetoboka viwiko. Nikamwambia Achieng amuulize anataka nini ndio aniachie. Jini hakutaja bei. Alikuwa bado ameshika pindo la cardigan yangu, hajaachilia.

Nikaelewa. Mfanyabiashara anaelewa.

Kibao kilikuwa kimegeuzwa, mlango umefungwa. Tukavua, sisi wawili, kila mtu na vest yake, Achieng ameangalia ukuta. Mimi nikavaa yake, ikanifika magotini karibu. Yeye akavaa yangu, ikamkaa kama nilimpima. Akajipapasa kwa shingo hapo kwa lebo. Uzi wa Thogoto umerudi Thogoto, nikamwambia, na hiyo Achieng alishindwa kutafsiri.

Kurudi tulipita barabara ile ile na jua bado iko juu ya maji, na mimi nainulia kila gari kidole kimoja.

Nilifika Nairobi Jumanne, Jumatano niko Kawangware. Mama Njeri alikuwa kwa veranda, mahali mashine ilikuwa inakaa. Hata hajaniambia karibu. "Umeniretea ama ni kabichi?"

Nikatoa kabichi kwa mfuko, nikaweka mezani. Nilikuwa nimeinunua hapo stage ya matatu. Uso ukamwanguka kidogo, akajikaza acheke. Ndipo nikatoa sweta.

Aliigeuza ndani. Akapumulia, pumzi yenyewe ni kidogo sasa, akanusa akiwa amefunga macho. Akapita kamba ya kwanza na kidole, akapita ya pili, akasimama hapo chini ya kwapa, mahali hata mimi sikuwa nimeona. Kamba imesokotwa mara moja upande mbaya.

"Hapa huyu mama arikuwa anapiga domo," akasema.

"Anaitwa Jini."

"Hata kama."

Nikamsaidia kuivaa. Kichwa kikapita, mkono mmoja, mkono wa pili, ile ya ndege. Ikamfunika yote, mgongo wa samaki hapa kifuani. Alikaa nayo tu, hajaniangalia, mikono ameingiza ndani ya sleeve. Baridi ilikuwa imeanza na hakuwa anatetemeka.

Halafu akaniangalia sana.

"Kuifua," akasema, "usiifue wewe."